Ghorofa 11, lifti mbili, nyumba 44, na hatuna hata mashine moja ya kushtua moyo

#1 Ghorofa ya Tisa

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite, atarudi akipata nafasi.

Naishi Upanga, Dar, kwenye jengo la ghorofa 11. Nyumba 44, chini kuna maduka manne na ofisi ya mawakili. Mimi ndiye mweka hazina wa kamati ya wakazi, kazi ambayo mshahara wake ni kusemwa kila mwisho wa mwezi kuhusu sevisi chaji.

Miezi minne iliyopita, Jumapili mchana, umeme ulikatika na jenereta likagoma. Mzee wa mlango wa pili kutoka kwangu akapanda ngazi zote kwa miguu, mfuko wa matikiti mkononi. Nilisikia kishindo nje. Nilipofungua, tikiti moja lilikuwa bado linabingirika koridoni, mzee yuko chini, ufunguo wake unaning'inia kwenye kitasa.

Tulifika watu saba ndani ya dakika moja. Mmoja akammwagia maji usoni. Mwingine akamvua viatu. Mama mmoja akaja mbio na kitunguu alichokata, amnusishe. Kijana akasema msimguse, hicho ni kifafa. Mimi nikainama, nikamsikia anakoroma, nikawatangazia wenzangu kwamba anapumua. Tukamlaza kwenye shuka, tukamteremsha ngazi kwa kupokezana, tukampakia kwenye Noah ya jirani. Hospitali walimpokea vizuri, wakampima, wakatuambia poleni, mmechelewa.

Hakuna aliyekwepa siku ile, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Watu saba tulitoka jasho, na hakuna hata kimoja tulichofanya kilichokuwa na kazi.

Basi nimekuwa nasoma na kuulizia hii mashine ya kushtua moyo, ile AED mnayoiona kwenye viwanja vya ndege. Bei niliyopewa na muuzaji hapa mjini ni milioni 4.8 pamoja na kabati. Gawa kwa nyumba 44, kila mmoja elfu 109 na ushee, mara moja. Nikapeleka kwenye kikao. Mwenyekiti akasema tuanze na jenereta. Mama wa ghorofa ya nne akasema itaibiwa. Mzee mmoja akauliza kama haitaua watu. Kikao kikafungwa kwa sala.

Tuna mitungi minane ya zimamoto jengo zima, na tangu nihamie sijaona hata mmoja ukitumika. Sisemi iondolewe. Nauliza tu mbona kwa moto tumejiandaa na kwa moyo hatuna hata kiraka.

Mwenye uzoefu aje. Hata wa kunipinga aje.

#2 Kidato Kimoja

Nimechukua kiti cha mbele. Pole kwa mzee wenu, mkuu.

Ila hii si ndiyo iliyomwokoa Eriksen? Juni 2021, Denmark na Finland, jamaa ameanguka mwenyewe bila kuguswa, na baadaye akarudi kucheza mpira.

#3 Nesi wa Zamu

Nafanya kazi idara ya dharura, naandika nikiwa mapumziko kwa hiyo mtanivumilia.

Ndugu Ghorofa ya Tisa, kwanza pole. Pili, kile ulichosikia hakikuwa kupumua. Moyo ukisimama ghafla, ubongo wa chini unaendelea kutuma amri kwa dakika chache. Mtu anakoroma, anavuta hewa mara moja moja mdomo wazi, kama changu aliyetupwa mchangani. Huo mkoromo umewadanganya wengi, hata wenye makoti meupe. Kanuni ya kukariri ni fupi: haitiki ukimwita na kumtikisa bega, na hapumui kama mtu aliyelala usingizi. Basi. Anza kukandamiza kifua.

Tofautisheni mambo mawili ambayo mtaani yote yanaitwa presha. Shambulio la moyo ni mshipa unaolisha moyo kuziba. Mtu anaumwa kifua, anatoka jasho, lakini anaongea na wewe. Huyo apelekwe hospitali haraka. Moyo kusimama ni jambo jingine: umeme wa moyo umevurugika, moyo unatetemeka ovyo badala ya kudunda, au umenyamaza kabisa, hausukumi damu hata tone. Huyo haongei. Wa kwanza anaweza kugeuka wa pili mbele ya macho yako.

Mashine inamhusu huyo wa pili. Unabandika vibandiko viwili kifuani (naviita vibandiko maana nikisema pedi darasani watu wanacheka), kimoja chini ya mtulinga wa kulia, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, kingine ubavuni kushoto chini ya kwapa. Yenyewe inasoma mapigo. Ikikuta moyo unatetemeka, inaruhusu mshtuko. Ikikuta unadunda sawa, au umenyamaza kabisa, haitoi umeme hata ubonyeze kwa hasira. Mwambieni yule mzee wa kikao kwamba haimshtui mtu ambaye moyo wake unadunda sawa.

Kila dakika inayopita bila kukandamizwa wala kushtuliwa, nafasi ya kupona inapungua kwa asilimia 7 hadi 10. Piga hesabu ya zile ngazi tisa. Ndiyo maana nasema, na naomba unisamehe: msimbebe. Mtu akiwa kwenye shuka hakuna anayemkandamiza kifua.

#4 Baba Shufaa

Mimi ndiye wa kupinga, niitikie.

Haya ni mambo ya watu waliomaliza matatizo yao. Kwetu gari la wagonjwa ukilipigia linakuuliza uko karibu na sheli gani. Ukimshtua huyo mtu akaamka, unampeleka wapi saa nane usiku? Chukueni hiyo milioni 4.8, leteni nesi mara mbili kwa mwaka awapime watu wote wa jengo presha na sukari. Mtaokoa wengi zaidi kuliko kisanduku kinachosubiri mtu aanguke mlangoni kwake.

Na huyo Eriksen aliangukia uwanjani, amezungukwa na madaktari wanaolipwa kukaa pale. Muamba vilevile, yule mchezaji wa Bolton mzaliwa wa Kinshasa, Machi 2012 London. Moyo ulisimama dakika 78 akapona, lakini daktari wa moyo alikuwa jukwaani kama mshabiki akaruka kuingia uwanjani. Jengo lenu la Upanga lina nani? Wakili?

#5 Theluji Kibao

Wakili naye ana mikono miwili, Baba Shufaa.

Niko Toronto mwaka wa 14 sasa, naishi ghorofa ya 19, kwa hiyo jambo hili linanihusu mwili na roho. Kuna utafiti ulichapishwa 2016 kwenye jarida la chama cha madaktari wa Kanada, ukihusu watu ambao moyo ulisimama wakiwa nyumbani kwao hapa Toronto na jirani. Walioanguka chini ya ghorofa ya tatu walipona asilimia 4.2. Ghorofa ya tatu na kuendelea, 2.6. Juu ya ya 16, asilimia 0.9, yaani wawili kati ya 216. Juu ya ya 25 walikuwa watu 30, na hakupona hata mmoja.

Na hapa gari la wagonjwa linakuja, Baba Shufaa. Linafika mlangoni, kisha linaanza kungoja lifti. Mlango wa chini umefungwa, mlinzi hajui nyumba ipi, lifti inasimama kila ghorofa. Siku moja mimi na jirani yangu tumepanda lifti na machela, mgonjwa ilibidi akalishwe maana akilala haenei kwenye lifti. Ghorofa ni ugonjwa juu ya ugonjwa.

#6 Nesi wa Zamu

Baba Shufaa kasema kweli nusu, na mimi sitaki kuwauzia watu mashine kwa maneno matamu.

Kuna utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliotoka 2004. Walichukua maeneo 993, maduka makubwa, ofisi, na majengo ya makazi pia. Nusu walifundishwa kukandamiza kifua tu, nusu wakafundishwa na kupewa mashine. Upande wenye mashine walipona 30, upande mwingine 15. Mara mbili. Ila ukichambua, kwenye majengo ya makazi walipona wawili tu, pande zote kwa pamoja.

Sababu ukifikiri unaiona. Dukani ukianguka unaangukia mbele za watu. Nyumbani unaangukia bafuni, mlango umefungwa kwa ndani, mkeo yuko sokoni. Mzee wa uzi huu alikuwa na bahati ambayo wengi wa ghorofani hawaipati: alionekana papo hapo, na watu saba.

Kwa hiyo mashine peke yake ukutani ni pambo. Kupima presha namuunga mkono Baba Shufaa kwa asilimia zote, kifanyike kesho. Lakini vitu hivi havigombanii mfuko mmoja. Kipimo cha presha cha mkononi ni bei ya kuku wawili.

Kuhusu kumpeleka wapi: akishaamka ana muda. Mtu anayepumua anaweza kuvumilia foleni ya Salenda. Asiyepumua haifiki.

#7 Mswahili wa Mvita

Hapa Mombasa jengo letu la ofisi lina hiyo mashine, nyeupe, kabati la kioo, maridadi. Imetiwa kufuli. Ufunguo uko kwa meneja wa jengo, na meneja huenda zake saa kumi na moja. Nikamuuliza, bwana, mtu akianguka saa moja ya usiku? Akaniambia nivunje kioo. Nikamuuliza nyundo iko wapi. Akasema nyundo i ndani ya stoo. Stoo ufunguo uko kwake.

Wallahi sikuongeza neno.

#8 Ghorofa ya Tisa

Hahaha. Mswahili, umenikumbusha vichwa vya mipira yetu ya zimamoto. Vilikuwa vya shaba. Viliondoka vyote usiku mmoja, vikaishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu, sasa mipira inaning'inia kama nyoka asiye na kichwa. Kwa hiyo hoja ya wizi naielewa.

Ila nilifanya jaribio jana, watoto wangu wakanicheka. Nilichukua simu nikapima muda. Kutoka mlangoni kwangu kushuka ngazi mpaka kwa mlinzi: dakika moja na sekunde 50. Kupanda kurudi: dakika tatu na sekunde 25, na mwisho nilikuwa nahitaji hiyo mashine mwenyewe. Kwa lifti kwenda na kurudi: dakika nne kasoro, ilisimama ya sita na ya tatu. Yaani mashine ikiwa chini, mimi niliye juu sina maana.

#9 Fundi Lifti

Kwa nini uende na kurudi? Iletwe.

Mashine iwe kwa mlinzi. Namba ya simu ya lindo ibandikwe kila mlango kwa ndani, pale pa kuchungulia. Wewe unapiga, unasema "moyo, ghorofa ya tisa", unaanza kukandamiza. Mlinzi anapanda nayo. Umeshakata safari nusu.

Na jambo ambalo wakazi hawalijui: lifti nyingi zina swichi ya zimamoto pale chini, ya ufunguo. Ukiizungusha, lifti inaacha wito wote inashuka moja kwa moja. Kwenye majengo tisa kati ya kumi ninayohudumia, huo ufunguo hauonekani. Ama mkandarasi aliondoka nao ama umewekwa "mahali pazuri". Muulize msimamizi wenu leo, usikie atakavyobabaika.

#10 Mama Nasra

Naomba niulize kitu ambacho nyie wanaume hamjakigusa. Akianguka mwanamke? Vibandiko si vinabandikwa kifuani, kwenye ngozi? Jengo lenu la Upanga na majengo yetu ya Kariakoo yamejaa wanawake wa baibui. Nani atathubutu kumfunua mke wa mtu mbele ya walinzi na vijana wa dukani? Atakufa na heshima yake.

#11 Nesi wa Zamu

Dada, swali zuri kuliko yote. Na si kwetu tu, hata nchi nyingine tafiti zimeonyesha wanawake hukandamizwa kifua hadharani mara chache kuliko wanaume, na sababu mojawapo ni hiyohiyo ya kuogopa kushika.

Ndiyo, ngozi iwe wazi, na sidiria itoke au ikatwe katikati. Kwenye kabati kuna mkasi. Jasho lifutwe. Kwa wanaume wenye manyoya kuna wembe. Mkufu usogezwe. Mimi ninapofundisha huwa nakuja na kanga doti moja. Wanawake wawili au watatu wanazishika wima kama pazia, migongo kwa mgonjwa, nyuso kwa watu. Ndani anabaki anayekandamiza na mwenye mashine. Kanga iwekwe ndani ya kabati pamoja na mkasi. Ikishabandikwa, mfunikeni, inafanya kazi chini ya nguo vilevile.

#12 Baba Shufaa

Hapo kwenye kanga mmenishika.

Lakini mlinzi. Mlinzi wetu ana darasa la saba, mashine inaongea Kizungu. Itamwambia asimame, yeye atakaa.

#13 Theluji Kibao

Kwenye viwanja vya ndege vya Chicago, O'Hare na vingine viwili, walitundika mashine ukutani na kufuatilia matumizi yake kwa miaka miwili. Watu 18 walikutwa moyo unatetemeka, 11 kati yao wakazinduliwa. Sita kati ya hao 11 waliokolewa na watu wasio na mafunzo wala uzoefu wa mashine hiyo. Ripoti yake ilitoka 2002. Wanaelewa Kiingereza, sawa, lakini picha za kubandika hazina lugha.

Singapore nao kwenye majengo yao ya makazi ya serikali waliweka mashine moja kwa kila majengo mawili, pale chini kwenye lifti. Pale ndipo wanapoishi watu wengi wa nchi ile, wazee kwa vijana, na si wote wanaongea lugha moja.

#14 Nesi wa Zamu

Fundisheni kwa Kiswahili, mwisho wa habari. Mashine ina hatua chache: washa, bandika, msimguse inasoma, msimguse inashtua, endelea kukandamiza. Mlinzi akisikia sauti mara kumi kwenye mazoezi, ataijua kwa mdundo wake kama anavyojua adhana hata asipojua Kiarabu.

Kukandamiza: katikati ya kifua, kisigino cha kiganja, mkono juu ya mkono, viwiko vimenyooka. Sentimita 5 hadi 6 kwenda chini, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Nguvu inatoka mgongoni, kama mama anayekanda unga wa chapati za harusi. Kifua kirudi juu chote kabla hujashuka tena. Pokezaneni kila dakika mbili, maana mtu anachoka kabla hajajijua. Mbavu zinaweza kulia. Zitapona kama mwenyewe atapona.

Na msiitundike kwenye kibanda cha bati cha mlinzi. Gundi ya vibandiko hukauka kwa joto, na muwe mnaangalia tarehe, havidumu miaka mingi. Betri nayo ina umri wake. Kuna taa ndogo ya kijani, ikizima au ikigeuka nyekundu piga simu kwa muuzaji. Umeme wa TANESCO haiuhitaji, hilo angalau tumshukuru Mungu.

#15 Ghorofa ya Tisa

Narudi na mrejesho, wiki saba baadaye. Naona uzi ulikuwa umeshuka kurasa za nyuma huko.

Sikurudi kikaoni na karatasi ya bei. Nilimleta nesi (si yule wa humu, mwingine) na sanamu la kufanyia mazoezi, Jumamosi jioni, pale chini kwenye maegesho. Nilitegemea watu kumi. Walikuja 31, na watoto wakagoma kuondoka. Yule kijana wa kifafa ndiye aliyekandamiza vizuri kuliko wote. Mama wa kitunguu alilia kidogo, akakaa, kisha akainuka akajaribu na yeye.

Wiki iliyofuata nyumba 29 zililipa. Maduka manne yalilipa mara mbili mbili bila kubishana, na mawakili wakamalizia iliyobaki, wakaomba jina lao liandikwe kwenye kabati. Nimekataa, nimewapa risiti nzuri.

Mashine iko ukutani karibu na lifti, hatua sita kutoka kwa mlinzi, haina kufuli. Ukifungua mlango wa kabati inapiga kelele jengo zima linasikia, mwizi aje. Kanga mbili zimo ndani. Ufunguo wa lifti tuliusaka siku tatu. Ulikuwa kwenye droo ya msimamizi, ndani ya bahasha iliyoandikwa "risiti za maji 2017". Fundi Lifti, ulijuaje?

Jumapili tulifanya zoezi bila kuwaambia walinzi. Nilipiga simu kutoka juu, nikasema "moyo, tisa", nikaanza kukandamiza mto wa kochi. Mlinzi alitokea na mashine baada ya dakika mbili na sekunde tano, kofia imepotea njiani. Mara ya pili, umeme tukiuzima makusudi, alipanda ngazi: dakika tatu na nusu. Hiyo bado ni nyingi. Tunafikiria ya pili ghorofa ya saba, lakini kamati imeniambia nipumzike kwanza.

Mjane wa mzee alikuja kwenye zoezi la pili. Alisimama mlangoni kwake akaangalia, hakusema kitu, akatuletea maji ya kunywa.

Leo asubuhi nimepita lindoni nikafungua daftari lao la makabidhiano. Nanukuu kama lilivyo:

"Saa 12:00 asubuhi. Nimepokea lindo salama. Funguo 14, tochi 1, rungu 1, redio 1 mbovu, mashine ya moyo 1 taa kijani."

#16 Kidato Kimoja

Walinzi wawili rungu moja?